Kondoo 42 watazaa katikati ya masika huku Kinangop: banda lisilolowa linatengenezwaje?

Mfugaji wa Njabini aliuliza:

Ndugu wafugaji, hamjambo. Ninafuga kondoo Kinangop Kusini, upande wa Njabini. Nina kondoo majike 42, wengi wao chotara wa Corriedale na Hampshire, na wachache wana damu ya Dorper. Dume aliingia kundini tarehe 5 Novemba nikamtoa tarehe 10 Desemba, kwa hiyo nikihesabu siku 147 za mimba naona wa kwanza atazaa tarehe 1 Aprili hivi na wa mwisho katika wiki ya kwanza ya Mei. Anayeijua Kinangop anajua maana ya tarehe hizo. Ndio wakati masika yameshika kweli, na udongo wa tambarare yetu, ambao juu ni laini na chini una tabaka gumu la mfinyanzi, haupitishi maji. Ukichimba shimo la nguzo jioni, asubuhi unalikuta limejaa.

Mwaka jana walizaliwa wanakondoo 45, nikapoteza 11. Saba niliwakuta asubuhi, baada ya usiku wa mvua na upepo, wamelala ubavu, manyoya yamegandamana na ngozi, midomo imepoa kabisa. Wawili walizaliwa wakiwa wamekufa. Wawili wa mwisho walicheza vizuri hadi wiki ya pili, kisha wakavimba kitovu na magoti, wakawa wanachechemea, nao wakafa. Iliniuma sana, kwa sababu niliamini kuwa nimejiandaa. Banda langu ni la mita 9 kwa 6, paa la mabati, kuta za mabanzi, sakafu ya udongo. Kabla ya mvua nililizungushia turubai pande zote kutoka chini hadi kwenye paa, na nyufa za mabanzi nikazisokomeza magunia ili baridi isipenye. Baada ya siku kama kumi, ukiingia alfajiri macho yanawasha kwa harufu ya mkojo, matone yanadondoka kutoka kwenye mabati hali mvua nje imekatika, na wanakondoo wanakohoa.

Leo ni tarehe 1 Machi, yaani nina mwezi mmoja. Naomba ushauri wa watu waliopitia haya: sakafu niifanyeje, chanjo na dawa ya minyoo nitoe lini, na nifanye nini usiku ninapomkuta mwanakondoo amepoa lakini bado anapumua? Fedha za kujenga banda jipya sina. Ninazo mbao za kuokoteza, mawe shambani, na mikono.

Mzee wa Mau Narok alijibu:

Ndugu yangu wa Njabini, pole kwa hasara hiyo. Nimefuga kondoo katika baridi ya Mau kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa ulilolifanya nililifanya mimi mwenyewe, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mwanakondoo mkavu, aliyeshiba, aliyekingwa upepo, anavumilia baridi kuliko tunavyodhani. Kinachomuua ni maji mwilini mwake pamoja na upepo unaompitia chini chini. Ulipoziba banda mpaka juu ulizuia baridi kidogo, lakini ukaufungia ndani unyevu wote: pumzi za kondoo 42, mkojo wao, na maji waliyoingia nayo kwenye manyoya. Hewa hiyo yenye joto hupanda, ikagusa mabati ya baridi usiku, ikageuka maji, ikawadondokea tena migongoni. Yale matone uliyoyaona yalitoka kwenye pumzi za kondoo wako. Nayo harufu iliyokuwasha macho ukiwa umesimama ni kali zaidi pale chini anapolala mwanakondoo, na ndiyo inayoyachubua mapafu mpaka kikohozi kikapata njia.

Toa turubai lote la juu. Ziba vizuri kuanzia ardhini hadi kama mita moja na robo, ili upepo usimfikie mnyama aliyelala, halafu acha uwazi wa sentimita 30 chini ya paa pande zote, isipokuwa upande ambao mvua hupiga kwa mshazari. Huko weka mabanzi yaliyoachana kidogo. Kisha fanya jaribio hili: washa nyasi mbichi kidogo kwenye kopo katikati ya banda, wewe mwenyewe ukichuchumaa kwa urefu wa mwanakondoo. Moshi ukipanda na kutokea juu, umefaulu. Ukitandaa na kukaa, uwazi hautoshi. Ukikimbia kwa ubavu kando ya magoti yako, kuna tundu chini ambalo hujaliona. Lifanye jaribio hilo kondoo wakiwa nje, na ndoo ya maji iwe karibu.

Sasa sakafu. Usianze na matandiko, anza na maji yanayoingia. Paa lako lina eneo la mita 54 za mraba, maana yake mvua ya milimita 10 tu inakumwagia lita 540 kandokando ya kuta, na bila mfereji wa paa nusu ya maji hayo yatarudi ndani kwa chini. Weka mfereji hata wa bati lililokunjwa, upeleke maji kwenye tangi au mbali na banda. Upande wa juu wa mteremko chimba mtaro wenye kina cha goti ili maji ya shamba yazunguke banda yasipite chini yake. Hayo yakiisha, kwangua tope lote la zamani, panga mawe, juu yake murramu, shindilia, na uifanye sakafu iwe na mgongo katikati: kila mita moja ishuke sentimita 5, yaani kwa upana wako wa mita 6 kila upande utashuka sentimita 15. Mkojo utafuata mteremko huo hadi kwenye vijitaro vya kandoni.

Juu ya murramu mimi huweka maranda makavu, kisha mabua ya ngano kwa unene wa shibiri moja. Maranda peke yake siyapendi wakati wa kuzaa, kwa sababu yanamganda mtoto aliyelowa, yanaingia mdomoni na kwenye kitovu. Kila siku ongeza mabua makavu juu. Kipimo changu ni magoti: piga magoti kwenye matandiko kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini na tano, ukiwa na suruali ya kawaida, uinamishe uzito wako wote. Ukisimama na magoti yamelowa, basi kiwele cha kondoo wako kimelala kwenye maji hayohayo usiku kucha, na chuchu itakayonyonywa alfajiri imetoka humo.

Kuhusu nafasi, fanya hesabu. Mita 54 kwa kondoo 42 ni kama mita 1.3 kwa kila mmoja, inatosha kabla hawajazaa. Jike mwenye mtoto anahitaji kama mita 2, na lazima utenge vizimba vya kuzalia. Vizimba vitano vya mita 1.5 kwa 1.5 vinakula zaidi ya mita 11. Kwa hiyo jenga kibanda cha kuegemea kwenye ukuta usiopigwa na upepo, paa tu na nguzo, hata upana wa mita 3, na wale ambao viwele vyao havijaanza kujaa walale huko. Kondoo mkubwa mwenye manyoya hahitaji zaidi ya hapo. Vizimba vitengeneze kwa mabanzi, vya kufunga kwa kamba ili vihamishike. Jike na watoto wakae humo siku moja au mbili mpaka wajuane kwa harufu, kisha watoke. Kabla hujamwingiza mwingine, zoa matandiko yote, nyunyiza chokaa, weka mapya. Hapa ndipo wengi wetu huchoka. Kizimba cha kwanza huwa kisafi kama meza, cha kumi na tano kinanuka, na wagonjwa wa vitovu huanza kuonekana nusu ya pili ya msimu.

Afisa Mifugo Mstaafu alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya mzee wa Mau Narok. Sina la kuongeza kuhusu banda. Nitazungumzia kalenda, kwa kuwa mwezi mmoja ni muda mfupi na mambo mengine yanakwisha wakati wake wiki hii.

La kwanza ni chanjo ya klostridia, ile inayokinga pepopunda na ugonjwa wa figo kulainika. Jike huchanjwa wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ili kinga iingie kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na mtoto aipate kwa kunyonya. Kwa wale watakaozaa mwanzoni mwa Aprili, siku zako ni hizi hizi. Kama hawajawahi kuchanjwa kabisa, wanahitaji dozi mbili, na dozi moja sasa itasaidia kwa kiasi tu. Mweleze ukweli huo anayekuja kuchanja, na ukikata mikia au kuhasi kwa mpira, uliza kuhusu kinga ya pepopunda kwa watoto wenyewe.

La pili ni minyoo. Jike anapokaribia kuzaa kinga yake hushuka, minyoo tumboni mwake hutaga mayai kwa wingi, na mvua huyaangua malishoni wiki zilezile watoto wanapoanza kung'ata nyasi. Hatari zaidi ni ule mnyoo mwekundu unaonyonya damu tumboni. Usinyweshe kundi zima kwa mazoea. Vuta kope la chini la kila kondoo na utazame rangi: nyekundu iliyoiva ni salama, waridi ya kufifia ni onyo, nyeupe kama karatasi ni mgonjwa anayehitaji dawa leo. Wanyweshe walio hafifu, waliokonda na wenye mimba za mapacha, kwa dozi inayolingana na uzito wao halisi, na wenye afya nzuri waache, ili malishoni ibaki pia minyoo ambayo dawa bado inaiua, isijae ile sugu peke yake. Wale wenye damu ya Dorper wachunguze zaidi. Utafiti uliofanywa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) pwani ya Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha wazi kwamba kondoo Mwekundu wa Kimaasai anastahimili mnyoo huo kuliko Dorper.

Kwa Kinangop, ongeza mnyoo wa ini. Konokono anayemhifadhi huishi kwenye matope ya mabonde na kando ya vijito. Zungushia ua sehemu zinazotuama maji, na uliza dawa iliyo sahihi, kwa kuwa albendazoli huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, nayo michanga inahitaji triklabendazoli. Unapowashika majike wakati huu, usiwakimbize wala kuwageuza chali. Mimba ni nzito. Kwato zilizooza zitibiwe kwa kutembezwa polepole kwenye josho la miguu lenye zinki salfeti ya asilimia 10, kisha wasimame penye ukavu angalau nusu saa.

La tatu ni chakula. Karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki sita za mwisho, wakati huohuo tumbo la mama likiwa limebanwa, na nyasi za mvua zikiwa zimejaa maji kuliko lishe. Wape kila mmoja gramu 300 hadi 500 za pumba za mahindi au za ngano kwa siku pamoja na lusini au oti iliyokaushwa, ukianza kidogo kidogo. Nafasi ya kulia iwe sentimita 45 kwa kila kondoo. Kwa 42 ni kama mita 19, au hori la pande mbili lenye urefu wa mita 9 na nusu. Nafasi ikipungua, wanyonge ndio wanaokosa, nao mara nyingi ndio waliobeba mapacha. Ukimwona jike amejitenga, hataki kula, ameinua kichwa au amekiegemeza ukutani, na pumzi yake ina harufu tamu isiyo ya kawaida, usingoje kesho kumwita daktari.

Naomba mnisikilize hapa pia: chumvi ya madini na vyakula vilivyotengenezwa kwa ng'ombe vina shaba nyingi, na kondoo hukusanya shaba kwenye ini mpaka siku moja anakufa ghafla akiwa na macho ya manjano. Nunua iliyoandikwa ya kondoo.

La mwisho linahusu watu. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa jirani yenu, kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, ambako mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi na majike wakatupa mimba. Kirusi chake kikaelezwa mwaka 1931. Huzuka baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, kama ilivyokuwa 1997 na 1998, kisha 2006 na 2007. Majike kadhaa wakitupa mimba ndani ya siku chache, usivishike vitoto hivyo kwa mikono mitupu, usichinje, usiwape mbwa; piga simu ofisi ya mifugo. Chanjo hai ya homa hiyo, iitwayo Smithburn, haipewi mwenye mimba kwani nayo huiharibu, kwa hiyo hiyo ni ya kupanga kabla ya dume kuingia. Na hata bila homa hiyo, mwanamke mjamzito asiingie kabisa kwenye banda la kuzalia, wala asifue nguo zilizotumika humo. Kuna maradhi mengine ya kuharibu mimba ambayo kondoo huyabeba kimyakimya, na nimeona familia ikilipa gharama hiyo.

Mwana wa Makete alijibu:

Ndugu zangu wa Kenya, natoka Makete, mkoa wa Njombe. Kwetu mvua ni ya mkupuo mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na kondoo wengi huzaa humo humo. Swali la mwanakondoo aliyepoa usiku ndilo ninaloweza kulijibu.

Nunua kipimajoto kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mwanakondoo mzima ana nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39, mkaushe kwa gunia au nyasi kavu, mtie mahali pasipo na upepo, mhakikishie dang'a, kisha mrudie baada ya nusu saa. Akiwa chini ya 37, umri wake ndio unaoamua, kwa sababu mtoto huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta mwilini inayompa joto kwa saa tano hivi tu. Ikiwa amezaliwa sasa hivi, mkaushe, mpashe joto, halafu mnyweshe. Ikiwa ana zaidi ya saa tano na hajanyonya, akiba imekwisha. Ukimpasha joto bila kumpa sukari kwanza, mwili unaamka kutafuta nguvu isiyokuwepo, naye anajinyoosha kwa degedege na kufa mikononi mwako. Huyo anahitaji sindano ya glukosi tumboni, na ni kazi ya daktari au mtu aliyefundishwa naye. Mwombe akufundishe mwezi huu, mchana, siyo saa nane za usiku kwa simu.

Januari iliyopita jike wangu alizaa mapacha karibu na mlango. Wa kwanza alilambwa vizuri, wa pili akadondokea kwenye dimbwi lililokuwa kizingitini. Nilipofika na tochi, nilitia kidole mdomoni mwake, ulimi ulikuwa baridi kama kijiko. Kipimajoto kilisoma 35.8. Nilijua hajafikisha saa mbili kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa bado linaning'inia kwa mama. Nilimkausha kwa kitenge, nikamlaza ndani ya katoni lenye chupa tatu za maji ya moto zilizofungwa kwa vipande vya gunia, nikafunika nusu ya juu. Kila nusu saa nilipima. Saa moja na nusu baadaye alifika 37.6 na akainua kichwa peke yake, ndipo nikampa dang'a ya mama yake kwa mrija. Hilo la kichwa ni la lazima: asiyeweza kukiinua usimnyweshe kwa njia yoyote, maziwa yatakwenda mapafuni. Kabla hakujapambazuka nilimrudisha kwa mama, nikiwa nimempaka maji ya uzazi ya pacha wake ili asimkatae.

Kipimo cha dang'a ni mililita 50 kwa kila kilo ya mtoto kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 4 apate 200 mapema iwezekanavyo, ndani ya saa sita za mwanzo tangu azaliwe, na jumla ifike karibu mililita 800 ndani ya saa 24. Usiridhike kwa kuwa umemwona chini ya kiwele. Kamua kila chuchu mara mbili uondoe kile kizibo cha nta, kisha baadaye shika tumbo la mtoto. Lililoshiba ni la mviringo na gumu kidogo, lenye njaa limebonyea nyuma ya mbavu. Na manyoya yaliyozunguka kiwele na mkia wa mama yakatwe wiki mbili kabla, maana mtoto aliyelowa hunyonya kitita cha manyoya yenye tope akidhani ni chuchu.

Wale wawili waliovimba kitovu na magoti waliuawa na vijidudu vilivyopanda kupitia kitovu kibichi. Tumia iodini kali ya asilimia 10, siyo ile hafifu ya kuchovya chuchu za ng'ombe. Mimina kwenye kikombe kidogo, ukibandike tumboni, umgeuze mtoto kidogo ili kitovu chote kizame mpaka shinani. Rudia baada ya saa chache. Kikombe hicho kisiwe cha kutumika siku nzima. Iodini iliyoingia damu na taka haifanyi kazi.

Jambo moja zaidi: usiingize jiko la makaa bandani. Mabua yakishika moto hakuna atakayetoka, na hewa ya makaa huua bila harufu.

Kijana wa Ol Kalou alijibu:

Kwa heshima zote, nadhani tunatibu jeraha tulilojikata wenyewe. Dume akiingia mwanzoni mwa Agosti, majike huzaa mwishoni mwa Desemba na Januari, mvua za vuli zimekwisha na jua linawaka. Mimi nilihamisha msimu wangu, na habari za katoni na chupa za maji ya moto zimepungua sana nyumbani. Kwa nini ndugu wa Njabini asifanye hivyo mwaka huu?

Mzee wa Mau Narok alijibu:

Kijana wangu, unasema kweli kwa mwenye akiba ya chakula. Jike aliyezaa Januari ananyonyesha Februari, na Februari nyasi zimekauka. Bila marobota ya nyasi kavu ya kutosha au majani yaliyovundikwa, maziwa yanakatika watoto wakiwa na wiki tano. Anayezaa Aprili analowa, lakini Mei na Juni malisho yamejaa na mtoto anakua haraka. Ningemshauri ajaribu na kondoo kumi kwanza, apime watoto wakiwa na miezi mitatu, ndipo aamue. Kwa hao 42 uamuzi ulishapita tarehe 5 Novemba.

Mfugaji wa Njabini aliandika:

Asanteni sana, nyote. Nimeyasoma mara mbili na kuandika kwenye daftari. Nina maswali mawili. Jirani ana ng'ombe wa maziwa watakaozaa mwezi huu: je, dang'a ya ng'ombe inafaa mama akikosa? Na mchana, mvua ikiwa nyepesi, niwatoe wenye watoto wachanga au niwafungie?

Mwana wa Makete alijibu:

Inafaa pale ambapo hakuna ya kondoo. Chukua ya ng'ombe kadhaa uichanganye, kwa kuwa mara chache ya ng'ombe mmoja humwishia mtoto damu, na kuchanganya kunapunguza hatari hiyo. Mpe kiasi zaidi kidogo, maana ni nyepesi kuliko ya kondoo. Gandisha kwenye vichupa vya kutosha mlo mmoja, na unapoiyeyusha tumia maji ya vuguvugu yanayovumilika kwa mkono. Ya moto sana huiharibu kinga yenyewe. Lakini bora zaidi ni kumkamua jike mwenye maziwa mengi siku ya kwanza na kuweka akiba yake.

Mzee wa Mau Narok alijibu:

Watoe wakiwa na siku mbili au tatu, matumbo yakiwa yameshiba, wala siyo asubuhi yenye ukungu na upepo. Chagua malisho ya juu yenye ua mnene, na uwe nayo matatu madogo badala ya moja kubwa, ili yasigeuke tope penye lango na penye maji. Wakae karibu na banda kwa wiki ya kwanza. Panga mabanzi au marobota mabovu kwa umbo la msalaba katikati ya uwanja, kimo cha kiuno: upepo utoke upande wowote, kuna pembe moja iliyo kimya, na utawakuta wanakondoo wamejipanga humo. Jioni wahesabu kwa jozi, mama na wake, kwa sababu mbweha hawana haja na mkubwa.

Mfugaji wa Njabini aliandika:

Nawarudishia habari. Leo asubuhi niliwatoa kondoo, nikang'oa turubai la upande wa mashariki na wa kusini, nikawasha nyasi mbichi kwenye kopo kama alivyoelekeza mzee, nikachuchumaa. Moshi ulipanda hadi kwenye mabati, ukatambaa chini ya paa, ukatokea kusini. Upande wa kaskazini, ambako turubai bado lipo, ulibaki umetanda kwa muda mrefu juu ya kona ileile nilikowakuta wanne kati ya wale saba. Nimelitoa. Kisha nilipiga magoti kwenye kona hiyo, ingawa mvua haijaanza, na magoti yalilowa.

Murramu inaletwa Jumamosi, na vijana wawili wa jirani watanisaidia kupanga mawe. Afisa mifugo wa wadi anakuja kesho na chanjo, nami nimemwomba anionyeshe sindano ya glukosi. Mke wa mwanangu ni mjamzito wa miezi minne na ndiye aliyekuwa akinisaidia kuzalisha. Nimemweleza, na funguo za banda sasa anazo mwanangu.

Mzee, mabua ya ngano yakipatikana huko Mau Narok naomba unijulishe bei ya lori dogo pamoja na usafiri, kabla barabara haijaharibika.